Naomba ushauri: baada ya Walenisi tusome nini?

Wakuu, kikundi cha wasomaji hapa Uyole, Mbeya, kinatafuta riwaya ya kufuata Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Ile iliwashika watu: Dzombo anarushwa na chombo hadi ulimwengu mwingine, siasa zinapita humo humo bila kuchosha. Nagona ya Kezilahabi ni fupi, lakini haina uzi wa kisa. Anayesubiri tukio ataitupa mapema. Ziraili na Zirani ya Mkufya ina ahera na vita, ila mijadala ya falsafa ni mizito. (Tafsiri za Haggard, Mwingereza aliyeandika Mashimo ya Mfalme Sulemani, hapana, ukoloni umezidi.) Nakala zitakuwa tatu kwa wasomaji tisa, hivyo kitabu kisizidi kurasa 200. Mnapendekeza ipi, na Mbeya mjini inapatikana wapi?