Naomba ushauri: "the" na "a" mbele ya nomino dhahania za Kiingereza

Assalaam aleikum ndugu zangu. Natembeza wageni hapa Lamu, na sasa naandika kijikaratasi cha Kiingereza kuhusu milango yetu ya nakshi. Nimekwama.

Niliandika "The patience is needed to carve a door". Mgeni mmoja akafuta "the", akasema subira ya jumla haitaki kitu mbele yake. Lakini "the patience of the carver" akaiacha, kwa kuwa ni subira ya fundi tunayemzungumzia. Hapo nilielewa, ingawa sisi husema subira tu, basi.

Nikajitungia kanuni: ikifuatwa na "of", tia "the". Ikanivunjikia kwenye "love of the sea", ambayo ni sahihi bila chochote, na zaidi kwenye "a good knowledge of the tides". "Knowledge" haihesabiki, hiyo "a" imetoka wapi? Na mbona "a good advice" ni kosa?

Wanaojua naomba mnijuze: ikifuatwa na "of", nitazame nini kuamua? Na ni nomino zipi dhahania zinazokubali "a" zikipewa sifa? Karatasi inakwenda kuchapwa Jumatatu.