Mafundi mnaozima apdeti za Windows bila kumwambia mteja, mnatuumiza!

Wakuu,

Nimechoka na huu mchezo, leo nausema. Mtu anapeleka kompyuta ikapigwe Windows, inarudi nyepesi, anashukuru, analipa. Hajui kwamba fundi kaingia ndani ya mfumo akazima apdeti moja kwa moja. Ofisini kwetu tumekuta mashine ya mhasibu iko hivyo, yaani ile ile yenye mishahara ya watu! Fundi kupigiwa simu anajibu, "Bosi, hizo zinakula bando tu."

Zinakula bando, sibishi. Umeme nao ukikatika apdeti ikiwa katikati, unaweza ukabaki na mashine isiyowaka. Na zenyewe huja na kasoro. Machi 2021 apdeti ya Windows 10 ilikuwa ukituma kazi kwenye baadhi ya printa, Kyocera na Ricoh zikiwemo, kompyuta inakwama kwenye skrini ya bluu. Mwenye steshonari hapo siku imeshakufa. Oktoba 2018 ndiyo kabisa: toleo la 1809 la Windows 10 lilifutia baadhi ya watu mafaili yao mpaka Microsoft wakalisitisha. Lile lilikuwa toleo jipya la mfumo, siyo kiraka cha usalama cha kila mwezi, yaani apdeti ndogo ya kuziba matundu, ila aliyepoteza picha za wanawe utamwelezaje tofauti hiyo? Woga wa watu una sababu.

Lakini mmesahau WannaCry, kile kirusi cha kompyuta? Microsoft walitoa kiraka tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja tarehe 12 Mei. Karibu miezi miwili dawa ipo, bure, na watu hawajaiweka! Kile kirusi hakikusubiri mtu abonyeze kiungo cha ajabu. Kilipita kwenye tundu la huduma ya kushirikiana mafaili, kikaruka mashine hadi mashine, kinafunga mafaili na kudai malipo kwa bitcoin. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Wagonjwa, jamani!

Sasa fundi anayezima kila kitu milele kamwokolea mteja bando, akamwachia mlango wazi. Na wala hakukuwa na haja. Windows 11 inakuruhusu kuahirisha apdeti hadi wiki tano, na Windows 10 nayo ilikuwa hivyo kabla apdeti zake za kawaida hazijakoma Oktoba 2025. Subiri wiki moja, sikiliza kama kuna wanaolia, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha weka. Kama shida ni bando, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uambie mfumo kuwa mtandao huo ni wa kupimiwa (metered connection). Apdeti nyingi hazitajishusha zenyewe. Dakika mbili tu! Mnashindwa nini kumwonyesha mteja?

Nataka majibu ya mafundi humu: kwa nini hamwandiki kwenye risiti kwamba mmezima? Na wengine fungueni Windows Update sasa hivi, mtaje hapa apdeti ya mwisho iliingia lini.