Mrejesho: mega mbili zilizosoma tofauti

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini mega yangu (kipimo cha ukinzani wa maganda ya nyaya za umeme) na ya fundi mwenzangu hapa Moshi zinatofautiana kwenye laini ileile, na tutajuaje ipi ni ya kuaminika.

Ushauri wenu wa kuzijaribu kwa rezista za asilimia 1, yaani zenye ukinzani unaojulikana na usiopotoka zaidi ya asilimia 1, umemaliza ubishi. Tumeunga nne za megaomu 1 (omu milioni moja) kwa mfululizo, jumla megaomu 4, maana rezista ndogo nyingi zinahimili volti 250 hivi, na mega inasukuma 500. Yangu ikasoma 4.0. Yake 5.2! Hilo limenitisha kweli: kiwango cha chini cha IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme) kwa nyaya za nyumba ni megaomu 1, kwa hiyo waya wenye megaomu 0.8 halisi, mega yake itausoma zaidi kidogo ya 1 na utaonekana umefaulu, na familia inahamia humo.

Yake haipimi tena nyumba ya mtu mpaka ikaguliwe maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Yangu nayo itapelekwa muda wake ukifika, kwani rezista hazichukui nafasi ya maabara.

Rezista tumezifunga kwenye kiboksi chenye vituo viwili vya kuungia nyaya za mega. Kila mwezi tunapima na kuandika daftarini. Mwenye mega maeneo ya Majengo aje nayo tuipime.