Naumwa hosteli, UE (mitihani ya mwisho wa muhula) inaanza Jumatatu na chumbani tunalala watano: nianzie wapi?

Mwaka wa Pili:
Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Niko hosteli ya chuo hapa Dar. Tangu jana jioni koo linawasha, kichwa kinagonga, viungo vinauma na nahisi homa, ila kipimajoto sina. Chumba ni cha vitanda vinne na kuna mbebwa mmoja (analala humo bila kuandikishwa). Nikifikiria na UVIKO nimeingiwa na hofu. Mmoja chumbani anasema ni malaria, ninywe ALu nilale. Mwingine anasema nijifukize. Mama anataka nipande basi la asubuhi nirudi Singida. Nikienda kituo cha afya cha chuo naogopa wataniweka karantini nikose mtihani.

Nesi wa Zamu:
Pole sana mdogo wangu. La kwanza, safari ya Singida ifute. Ni kutwa nzima ndani ya basi lililofungwa vioo, na kama ni korona, siku hizi za mwanzo wa dalili ndizo mtu anazoambukiza zaidi. Ukizidiwa njiani utakuwa mbali na oksijeni, na ukifika salama aliye hatarini ni mama. Mpigie umweleze hivyo hivyo, ataelewa.

Sasa hivi vaa barakoa, hata humo chumbani. Kisha pigia kituo cha afya kabla hujaenda. Wasipopokea, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Waambie dalili zimeanza lini, unapumuaje, una ugonjwa gani wa kudumu na mnalala wangapi. Uliza unaingilia mlango gani, maana ukijitokeza tu utakaa benchi moja na mjamzito aliyekuja kliniki. Kama si mbali nenda kwa miguu taratibu. Kama ni mbali chukua bajaji, maturubai ya pembeni yafunguliwe, wewe na dereva wote muwe na barakoa. Daladala hapana.

Beba kitambulisho cha chuo, kadi ya NHIF, maji, chaja na dawa unazotumia kila siku. Chaja wengi huisahau, na ukilazwa simu ndiyo njia yako ya kuwasiliana na nyumbani na chuo.

Haya ni kwa mwenye nguvu zake. Mwenye selimundu akipata homa aende hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye kisukari au pumu aseme mapema, na anayetumia ARV asikatishe dozi hata siku moja.

Maabara Kwanza:
Naongezea kwenye hiyo ALu. Usimeze kabla ya kupima. Malaria, UVIKO na dengi zote huanza kwa homa, kichwa na maungo kuuma, na Dar dengi imeshalipuka zaidi ya mara moja, mwaka 2014 na 2019. Kwa kuangalia tu huwezi kuzitenganisha. Koo kuwasha na kupoteza harufu vinaelekeza zaidi kwenye UVIKO, lakini mtu anaweza kuwa na malaria na korona kwa wakati mmoja, kwa hiyo omba vipimo vyote viwili. Cha malaria ni tone la damu ya kidoleni, majibu ndani ya nusu saa.

Kuhusu kipimo cha haraka cha UVIKO cha puani, kikisema unao, unao. Kikisema huna na dalili unazo, bado usijitangaze mzima. Siku ya kwanza virusi vinaweza kuwa vichache mno kunaswa, au kijiti kiligusa mlangoni mwa pua tu. Endelea kujitenga, rudia baada ya saa 24 hadi 48, au uombe PCR (kipimo cha maabara). Majibu yasomwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika 15 hadi 30. Mstari unaojitokeza baada ya hapo hauhesabiwi.

Famasia ya Kona:
Ya kutuliza homa ni paracetamol ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Hatari iko kwenye dawa za mafua za mchanganyiko, nyingi zina paracetamol ndani, na mtu anameza zote mbili bila kujua anazidisha dozi na kuumiza ini. Soma pakiti. Na pima joto kabla ya kumeza, la sivyo unapima kazi ya dawa. Kwapani, 37.5 kwenda juu ni homa.

Diclofenac, ibuprofen na aspirini viache mpaka dengi iondolewe kwenye mashaka, kwa sababu vinaongeza uwezekano wa kutoka damu.

Azithromycin na dexamethasone msinunue kwa kuambiwa na rafiki. Azithromycin inaua bakteria, huyu ni kirusi. Dexa imeokoa maisha ya wagonjwa waliokuwa kwenye oksijeni hospitalini. Kwa mtu anayepumua vizuri haina faida, na inaweza kumdhuru kwa kupunguza kinga siku ambazo mwili unaihitaji. Hili naomba lisikike, maana vijana wanauliziana dozi yake kwenye magrupu kama vile ni pipi.

Ukitapika au kuharisha, pakiti moja ya ORS kwenye lita 1 kamili ya maji safi, na kinachobaki kimwagwe baada ya saa 24.

Bibi Shamba:
Na kujifukiza je? Mvuke unafungua pua.

Nesi wa Zamu:
Ni kweli Bibi, unalegeza makamasi na mtu anajisikia nafuu, ila hauui kirusi kilichomo mwilini. Bwenini kuna tatizo zaidi. Sufuria ya maji yanayochemka juu ya kitanda, mtu amejifunika blanketi, ndivyo watu wanavyoungua mapaja. Na wakijifunika wawili chini ya blanketi moja, mgonjwa anamkoholea mwenzake usoni. Chai ya tangawizi yenye asali itamfaa zaidi.

Mwaka wa Pili:
Asanteni sana. Kituo wamepokea, wamesema niende saa nane mchana. Mpaka wakati huo chumbani tufanyeje? Na mbebwa anaomba nisimtaje, anasema wadeni (msimamizi wa hosteli) akijua atafukuzwa.

Mlezi wa Bweni:
Hili la mbebwa ndilo linaloeneza ugonjwa kwenye mabweni yetu. Wakiorodhesha waliokaa karibu nawe wanafuata majina ya vitanda. Yeye haandikwi, hapimwi, usiku anahamia chumba kingine na kuanza mnyororo mpya. Mtaje kwa mhudumu wa afya, na usisitize kwamba unampa kama taarifa ya mgonjwa. Wadeni anachohitaji kutoka kwako ni kuambiwa chumba kina mgonjwa. Mbebwa naye asihame leo. Abaki na kundi lenu mpaka majibu yatoke, maana akihamia kwingine huenda anahama nao.

Chumba chenyewe: fungueni madirisha na mlango kwa pamoja ili hewa ipite. Feni ya kusimama iwekwe dirishani ikitazama nje, isukume hewa nje. Ile ya darini bila dirisha wazi inazungusha hewa ile ile. Wewe kaa karibu na dirisha upande hewa inakotokea kwenda nje. Mkilazimika kulala humo, geuzeni vichwa, kichwa cha mmoja kiwe kwenye miguu ya jirani, na wa kitanda cha juu yako ahame godoro. Lakini kwanza ombeni chumba cha kujitenga, kama chuo kinacho.

Choo cha pamoja utumie wa mwisho, na baada yako bomba, kitasa na kibonyezo cha kuflashi vifutwe. Jik ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 34 vya maji, yaani kama mililita 30 kwa lita moja. Safisha uchafu kwanza kwa sabuni, kwa sababu klorini inaishia kwenye uchafu, kisha paka mchanganyiko na uache dakika 10. Tengeneza mpya kila siku. Usichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini, na mgonjwa wa kifua ndani ya choo kidogo atapata shida kubwa.

Chakula mletewe mlangoni. Sahani na kikombe viwe vyako peke yako, sabuni ya kawaida inatosha kuviosha.

Aliyewahi Kuwa CR:
Mtihani sasa. Kinachowaponza watu ni kutokwenda mtihanini kimya kimya, halafu kuleta cheti baada ya matokeo. Ukifika kituoni omba ED (cheti cha kupumzika kwa ugonjwa) au ripoti ya daktari yenye tarehe, muhuri na idadi ya siku za mapumziko. Piga picha, tuma leo hii kwa mkuu wa idara na ofisi ya mshauri wa wanafunzi kwa barua pepe, ukiomba kuahirisha kwa sababu za kiafya. Taja namba ya usajili na kila somo kwa msimbo wake na tarehe yake. Mwambie na CR wako (kiongozi wa darasa), ila barua kwa CR peke yake haihesabiki. Ukikubaliwa unafanya mtihani maalumu, ambao alama zake zinahesabiwa kama za mara ya kwanza. Ukiingia na homa ukafeli, unaangukia sapu (mtihani wa marudio), na sapu katika vyuo vingi alama yake ina kikomo. Soma kanuni za chuo chako, muda wa kuwasilisha ombi unatofautiana.

Nesi wa Zamu:
Jambo moja ambalo vijana hulipuuza. Siku ya tatu au ya nne mtu anajisikia afadhali, anavua barakoa, anarudi maktaba. Kwa wanaozidiwa, kifua mara nyingi hubadilika kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu dalili zianze. Kwa hiyo andika tarehe ya dalili ya kwanza ukutani.

Kila asubuhi na jioni mtu ahesabu pumzi zako dakika nzima ukiwa umetulia, bila kukuambia anahesabu. Kawaida ni 12 hadi 20. Zikipita 24 nenda kituoni siku hiyo hiyo, zikifika 30 ni dharura. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni mkikipata, futa rangi ya kucha au hina, pasha kidole joto, subiri namba itulie. Kuanzia 95 ni sawa, 94 kushuka piga simu, chini ya 90 hospitali bila kusubiri. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kuonyesha namba iliyo juu kuliko ukweli, kwa hiyo kikisema 95 na wewe unahema, amini kuhema.

Kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kifua kubana, midomo kubadilika rangi, kuchanganyikiwa au kutoamshika: hapo aamshwe wadeni hata kama ni saa tisa usiku. Mkisubiri usafiri, mkalishe wima au alale kifudifudi, asilazwe chali.

Kujitenga ni siku 10 tangu dalili ya kwanza, na angalau siku 3 za mwisho ziwe bila homa na bila shida ya kupumua, bila msaada wa paracetamol. Harufu ikichelewa kurudi isikuzuie kutoka, inaweza kuchukua wiki kadhaa na haina maana kwamba bado unaambukiza.