Vancouver-Burrard: orodha ya wabunge ina pengo katikati na viti viwili mwanzoni, nani anijuze?

KaraniWaKura

Wakuu, naandaa jedwali la wabunge wa jimbo la uchaguzi la Vancouver-Burrard katika bunge la mkoa wa British Columbia, Kanada, tangu 1933 hadi 2009. Hapa nikisema "mkoa" ni British Columbia, na "jimbo" ni eneo linalotoa mbunge, tusije tukachanganyana.

Nimekwama hivi: miaka ya mwanzo kila uchaguzi una washindi wawili. Kati ya 1975 na 1991 sioni kitu kabisa. Thomas Berger namkuta Burrard 1962, kisha tena 1966, wakati orodha nyingine zinasema 1962 hakuwa mbunge wa mkoa. Nikijumlisha kura za wagombea zinakuwa karibu maradufu ya waliopiga kura, na 1952 mahesabu hayalingani na mwaka mwingine wowote. Anayeijua historia ya mipaka ya Vancouver anisaidie.

RamaniKongwe

Mkuu, tatizo lako ni kwamba unafuata jina. Jina Burrard limezaliwa mara mbili na kufutwa mara mbili. Fuata ardhi na sheria ya mipaka ya kila kipindi, mengi yatajinyoosha yenyewe.

Kabla ya 1933 hakukuwa na Burrard ya mkoa. Sehemu kubwa ya mji ilikuwa jimbo moja, Vancouver City, na kuanzia 1916 lilitoa wabunge 6 kwa mpigo. Humo ndimo Mary Ellen Smith aliposhinda uchaguzi mdogo wa Januari 1918, akawa mwanamke wa kwanza katika bunge hilo, mwaka mmoja tu baada ya wanawake wa mkoa kupata kura. Usimwingize kwenye jedwali la Burrard kwa sababu tu "ni Vancouver ileile". Mweke kwenye safu ya jimbo lililotangulia.

Tarehe 1 Januari 1929 manispaa za Point Grey na South Vancouver ziliunganishwa na jiji, na ramani ya zamani ikawa haifai tena. Kwa uchaguzi wa 1933 Vancouver City lilivunjwa, yakatoka Burrard, Centre na East yenye viti 2 kila moja, na Point Grey yenye viti 3. Ndiyo maana unaona washindi wawili. Si kosa la mwandishi, jimbo lilikuwa na viti viwili kisheria.

Hii Burrard ya kwanza iliishi hadi uchaguzi wa 1975. Kwa majina ya kuhakikishia jedwali lako: Grace MacInnis wa chama cha CCF aliliwakilisha 1941 hadi 1945, Eric Martin wa chama cha Social Credit, waziri wa afya, alichaguliwa hapo kuanzia 1952, Berger wa chama cha NDP aliingia 1966 na kuangushwa 1969, Rosemary Brown na Norman Levi, wote NDP, walishinda 1972 na tena 1975. Brown ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge lolote la mkoa Kanada, kwa hiyo safu yake itasomwa na wengi. Iwe sahihi.

Pengo lako linaanza 1978. Jaji Lawrence Eckardt aliongoza tume ya mipaka, na ramani yake ikaliondoa jina la Burrard kabla ya uchaguzi wa 1979. Wabunge wake wawili walihamia kwingine: Brown akagombea Burnaby-Edmonds, Levi akaenda Maillardville-Coquitlam. Ukiona mbunge "katoweka" 1979 usiandike kwamba alishindwa, maana hakuna jimbo aliloshindwa. Tume hiyohiyo ndiyo iliyochora kile kipande chembamba kilichochomoza kutoka Vancouver-Little Mountain, watu wakakibatiza "kidole cha Gracie", kwa jina la waziri Grace McCarthy aliyekuwa mbunge wa huko. Ukiitazama ramani utakubali jina hilo halikuwa la uonevu.

Jina likarudi 1991, safari hii kwa kiti kimoja. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana Burrard ya 1991 ni West End na katikati ya jiji, si ardhi ya Burrard ya kwanza. Mtazame Emery Barnes. Tangu 1972 alikuwa mbunge wa Vancouver Centre, na 1991 akawa mbunge wa Vancouver-Burrard. Ukifuata jina utasema amehama jimbo. Ukifuata ardhi utaona amebaki na watu wa katikati ya jiji na kibao kimebadilishwa. Alikuwa spika 1994 hadi 1996. Baada yake ni Tim Stevenson (NDP, 1996), kisha Lorne Mayencourt (Liberal, 2001 na 2005), na Spencer Chandra Herbert (NDP) kwenye uchaguzi mdogo wa 29 Oktoba 2008, baada ya Mayencourt kujiuzulu ili agombee bunge la shirikisho. 2009 jina likafutwa tena.

Ushauri wangu: tengeneza majedwali mawili, 1933–1979 na 1991–2009, na usiyaunganishe kwa mstari.

MchambuziWaDaftari

Naongezea suala la Berger. 1962 alichaguliwa bunge la shirikisho, Ottawa, kwa jimbo la shirikisho lililoitwa pia Vancouver—Burrard. Mwaka uliofuata akashindwa na Ron Basford. Majimbo mawili, mabunge mawili, jina moja. Njia ya haraka ya kuyatofautisha ni alama: ya shirikisho huandikwa kwa kistari kirefu, ya mkoa kwa kistari kifupi. Lakini usiiamini asilimia mia, wachapaji hawakuwa makini kiasi hicho. Angalia tarehe ya uchaguzi. Chaguzi za mkoa na za shirikisho haziangukii siku moja, kwa hiyo tarehe ikikataa, jibu umelipata.

Vyama navyo viangalie. CCF na NDP ni ukoo mmoja, NDP ikiwa imeanza 1961. 1945 na 1949 Liberal na Conservative walisimama pamoja kama Coalition, hivyo mshindi wa miaka hiyo aandikwe Coalition hata kama unajua alitoka chama gani. Na Liberal ya mkoa katika miaka ya Mayencourt si tawi la Liberal ya Ottawa. Ukiwapa rangi moja kwenye chati utamdanganya msomaji.

Sasa kura maradufu. Kwenye jimbo la viti viwili kila mpigakura alikuwa na kura mbili, na wagombea wawili wenye kura nyingi zaidi walipita. Angeweza pia kutumia moja tu, akaacha ya pili ili asimpe nguvu mshindani wa mtu wake. Kwa hiyo jumla ya kura haifiki mara mbili kamili ya karatasi za kura. Mfano wa kukokotoa tu: karatasi halali 20,000, jumla ya kura 38,000. Maana yake kura 2,000 hazikutumika. Mgombea aliyepata 9,000 ana 23.7% ya kura zote, lakini ameungwa mkono na 45% ya waliopiga kura. Namba zote mbili ni sahihi, kosa ni kuzichanganya kwenye safu moja. Ukitaka kulinganisha na 1991 kuendelea, tumia ile ya pili. Na ukikokotoa mahudhurio, gawanya karatasi kwa waliojiandikisha, kamwe usigawanye kura. Ukigawanya kura utapata mahudhurio ya 140% na utadhani kuna wizi!

Kuhusu mahudhurio, usilinganishe daftari la wapigakura na idadi ya watu kwa miaka ya kabla ya vita na mara baada yake. Wakanada wenye asili ya China na ya Asia Kusini walipata kura ya mkoa 1947, wenye asili ya Japani na watu wa mataifa asilia 1949. Umri wa kupiga kura ulishushwa kutoka 21 hadi 19 mwaka 1952, kisha 18 mwaka 1992. Daftari linaruka bila mtu mmoja kuhamia mjini.

RamaniKongwe

Nimalizie la 1952, maana ndilo gumu kuliko yote.

Chaguzi mbili tu, Juni 1952 na Juni 1953, mkoa ulitumia kura ya kupanga wagombea kwa namba: 1, 2, 3. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho anatolewa na karatasi zake zinahamia kwa aliyepangwa namba inayofuata, na hesabu inarudiwa.

Je, jimbo la viti viwili walifanyaje? Mpigakura alipewa karatasi mbili, A na B. Wagombea waligawanywa: chama kinaweka mtu mmoja karatasi A na mwingine karatasi B. Yaani ndani ya Burrard kulikuwa na mashindano mawili ya kiti kimoja kimoja, kwa wapigakura walewale. Mgombea wa A hakushindana kabisa na wa B.

Kwa hiyo ule mtindo wako wa kuandika "mshindi wa kwanza" na "mshindi wa pili" kwa wingi wa kura haufanyi kazi miaka hiyo miwili. Andika "kiti A" na "kiti B". Kisha kila kiti kipe safu mbili, hesabu ya kwanza na hesabu ya mwisho, kwa sababu anayeongoza hesabu ya kwanza anaweza kuangushwa mwishoni. Jumla ya hesabu ya mwisho itakuwa pungufu, na hapo hakuna kilichopotea. Ni karatasi ambazo mpigakura hakupanga namba za kutosha, zikaishiwa njiani. Ziwekee safu yake. 1956 wakarudi mtindo wa zamani wa kura mbili.

KaraniWaKura

Shukrani sana wakuu, A na B ndiyo iliyokuwa inanivuruga. Mawili yamebaki. Kwa nini 1991 viti viwili viliisha mji mzima? Na je, naweza kuchukua kura za Burrard 2005 nikazigawa mara mbili, nusu West End, nusu False Creek, yale majimbo yaliyochukua nafasi yake, ili nilinganishe na 2009?

MchambuziWaDaftari

La kwanza: katika uchaguzi wa 1986 mkoa ulikuwa na wabunge 69 kutoka majimbo 52, na 17 kati yake yalikuwa ya viti viwili. Tume ya mipaka ya Jaji Thomas Fisher ilipendekeza kiti kimoja kila mahali na tofauti ya watu isiyozidi asilimia 25 juu au chini ya wastani. 1989, kwenye kesi ya Dixon, Jaji McLachlin wa mahakama kuu ya mkoa alisema mipaka iliyokuwepo, yenye tofauti kubwa mno za idadi ya watu, inakiuka haki ya kupiga kura iliyo kwenye katiba. Ramani mpya ikaja na wabunge 75. Vancouver yenyewe ilikuwa na majimbo 5 ya viti 2, yakawa 10 ya kiti 1. Jiji halikuongezewa hata kiti kimoja, ingawa ukihesabu majina utadhani limeongezewa mara dufu.

La pili: hapana, usigawe nusu kwa nusu. Mpaka haukupita katikati. Vancouver-West End ilibaki na upande wa magharibi, lakini Vancouver-False Creek ilichota pia ardhi ya majimbo jirani, ikiwemo Fairview. Hesabu ya tume hufanywa kwa idadi ya watu, si ya waliojiandikisha. Sensa ya 2006 iliipa British Columbia watu 4,113,487, na viti vilikuwa 85, kwa hiyo wastani ni 48,394, na idadi halali ya watu kwa jimbo ni takriban 36,300 hadi 60,500. Katikati ya jiji maghorofa yalikuwa yanaota kama uyoga, na Burrard ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Njia sahihi: chukua matokeo ya 2005 kwa kila eneo dogo la kupigia kura, weka ramani ya 2005 juu ya ile ya 2009, na kila eneo lipeleke lilikoangukia. Eneo lililokatwa na mpaka mpya ligawe kwa idadi ya waliojiandikisha kila upande, si kwa ukubwa wa ardhi, maana ghorofa moja la West End lina watu wengi kuliko mtaa mzima wa bustani. Kisha kuna kura ambazo hazina eneo: za mapema na za waliopigia mbali. Hizo zigawe kwa uwiano wa kura za siku yenyewe, chama kwa chama. Ukizitupa, matokeo yatapinda kuelekea wanaopenda kupiga siku ya uchaguzi.

Na hapa usahihi si anasa. 2005 Mayencourt alimshinda Stevenson kwa kura 11. Sheria ya mkoa inapeleka matokeo kwa jaji yahesabiwe upya pale tofauti inapokuwa chini ya sehemu moja ya 500 ya karatasi zote, yaani kwa karatasi 25,000 ni chini ya 50. Kwa hiyo usitumie gazeti la asubuhi ya pili yake. Kura za waliopigia mbali zilianza kuhesabiwa siku ya 13 baada ya uchaguzi, na hesabu ya jaji ikaja baadaye. Tumia taarifa rasmi ya mwisho ya Elections BC, wasimamizi wa uchaguzi wa mkoa, na karibu na namba andika kwamba ni ya baada ya hesabu ya jaji.

RamaniKongwe

Kama utasogeza jedwali mbele ya 2009: West End ipo hadi leo, na Chandra Herbert ndiye aliyeendelea nayo. False Creek haikufika mbali. Mary McNeil 2009, Sam Sullivan 2013 na 2017, Brenda Bailey 2020, kisha kwenye ramani ya 2024 yenye viti 93 jina likaondoka. Bailey akashinda Vancouver-South Granville, na upande wa katikati ya jiji ukaja na jina Vancouver-Yaletown. Yaani ni hadithi ya Barnes upya, kwa hiyo acha safu ya "ardhi" kwenye jedwali kabla ya safu ya "jina".