Fundi amenila alumini, akanirudishia manjanja ya kuezekea nyumba. Eti "nani ataiangaria?"

Wakuu, nimechoka. Niko Lubumbashi, Kongo, na nataka mniambie kama mafundi wa bati wa mji huu wamekaa kikao kutufanya wajinga, au ni mimi tu niliyeangukia kwa mwizi.

Nina Peugeot 404 pikapu ya zamani ninayoigeuza hot rod polepole, pesa inavyopatikana. Kwa wasioujua mchezo huu: vijana wa Marekani wa miaka ya 1930 walichukua Ford kuukuu, wakavua kila kitu kisichosaidia mbio, wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu ya California. Mambo ya vitambaa na mapambo hayakuwahusu. Na mimi ndicho nilichotaka ndani ya gari langu: paneli za milango, ukuta wa nyuma ya kiti na kifuniko cha giaboksi, zote za alumini ya milimita 1.2, bila rangi, bati lenyewe lionekane.

Shiti ya alumini nilinunua mwenyewe. Karto za vipimo, yaani vielezo vya karatasi ngumu, nilikata mwenyewe, nikazijaribisha mlangoni, nikatoboa tundu la mkono wa kioo na la kitasa, nikaandika kwa maka JUU, MBELE, KUSHOTO. Nikatoa avansi, nusu ya malipo kabla ya kazi, kwa fundi mmoja wa komini ya Kenya (Kenya yetu hii, si nchi). Jina lake na la atelie (karakana) naliacha kwa sasa.

Siku ya kuchukua nikagonga paneli ya ukuta wa nyuma, iliyokuwa bado haijafungwa, kwa vidole, ikalia kama debe tupu. Nikachomoa sumaku. Ikanata! Alumini haishikwi na sumaku hata uibembeleze. Nikaigeuza paneli mgongo: mawimbi ya manjanja yamepondwa kwa nyundo hadi yakalala, lakini mistari yake bado unaihesabu kwa macho, na matundu mawili ya misumari ya paa yapo pale pale. Bati ambalo unene wake haufiki hata nusu ya langu.

Shiti yangu iko wapi? "Iliharibika wakati wa kukunja, patron." Sawa, vipande viko wapi? Kimya. Ni kweli alumini ngumu hupasuka ukiikunja kwa kona kali, ndiyo maana nilinunua ile laini, na nikamwambia aache mviringo kidogo kwenye kona. Hakuna kilichopasuka hapo. Mnajua wenyewe alumini inaishia wapi mjini hapa: inayeyushwa, inamwagwa sufuria. Sasa hivi kuna mama anasonga bukari (ugali) ndani ya mlango wangu wa kushoto.

Nikamwuliza kuhusu ile mistari ya kuvimba niliyoichora kwenye karto. Akadhani ni urembo. Bwana, bati pana lililo bapa likikosa ile mistari linatetemeka na kupiga kelele barabara nzima. Mstari ndio unaolipa nguvu. Na hupigwa kwanza, ukingo unakatwa baadaye, kwa sababu mstari unavuta bati na kipimo kinapungua. Yeye amekata kwanza, hakupiga mstari wowote, na bado paneli ni fupi kuliko mlango! Kingo hazijakunjwa wala kupitishwa tupa. Suruali yangu imechanika nikizigusa tu.

Milango ndiyo imenitoa machozi. Nilisema visi, yaani skrubu za kufungua na kufunga. VISI. Amepiga riveti mzunguko mzima. Kioo kikidondoka ndani ya mlango, na kwenye 404 ya umri huu kitadondoka, nitatoboa riveti moja baada ya nyingine ndipo nifikie mashine ya kioo. Halafu mkono wenyewe wa kioo hauzunguki, unagonga bati, kwa sababu tundu amelitoboa kwa kukisia huku karto yangu imelala mezani pake.

Kifuniko cha giaboksi sijui hata nisemeje. Bati jembamba hivyo amelichomelea kwa bageti (vijiti vya kuchomelea), likatoboka kila mahali, mashimo akayaziba kwa mastiki, ile lami ya kuzibia nyufa. Mastiki, juu ya giaboksi, penye joto na mtikisiko! Na kijana anayemfanyia kazi amechomelea bati la zinki ndani ya chumba kisicho na dirisha. Moshi ule mweupe ukiuvuta, jioni unashikwa na homa na kutetemeka, nyumbani wanadhani malaria. Nilimwambia bosi wake, akacheka.

Jibu lake kwa yote hayo: "Patron, hii ni ya mu ndani, nani ataiangaria?" Mimi! Mimi ndiye ninayekaa humo ndani!

Nimedai shiti yangu na avansi yangu. Yeye anasema nimalizie kwanza nusu iliyobaki, la sivyo hanirudishii karto. Karto zangu, nilizokata kwa mkono wangu, ndizo ameshika rehani.

Simalizi kitu. Jumatatu naenda naye kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Kwa sasa, mwenye kujua atelie yenye mashine halisi ya kukunjia bati na ile ya magurudumu mawili ya kuminya mistari aandike hapa, hata kama iko Likasi nitasafiri. Na tafadhali, asije mtu kuniambia nifunike kwa kapeti.