Baba mkwe ni askari kanzu mstaafu: nimwekee Dirty Harry, The French Connection au Bullitt?

Mbuyuni_Mmoja
Wakuu, habari za jioni.

Baba mkwe anashuka Dar na basi la Jumamosi, atalala kwangu siku tatu. Mzee alikuwa askari kanzu miaka mingi, si mtu wa maneno, na mpira hatazami. Mke wangu kanitonya kwamba anapenda picha za polisi za kizamani, "siyo hizi za kurukia ghorofani". Kwenye flashi ninazo tatu: Bullitt ya 1968, halafu Dirty Harry na The French Connection, zote mbili za 1971. Kila moja ina mpelelezi asiyesikia la mkubwa wake. Moyo wangu uko kwa Harry, ila naogopa mzee asije akadhani namsema. Nina usiku mmoja tu. Mliozitazama, tiririkeni.

KandaMbili
Mkuu, weka Harry ulale usingizi.

Mimi niliiona kibandani, tumebanana kwenye benchi la mbao. Clint Eastwood, ndiye Harry, anakula hotidogi mchana, anaona gari limesimama nje ya benki injini inanguruma. Anamwambia mwenye mgahawa apige simu polisi, anaendelea kula. Kengele ya benki inalia, anatoka bado anatafuna! Anawamaliza wale majambazi, kisha anamsimamia mmoja aliyelala chini karibu na bunduki yake, anamuuliza kama leo anajiona ana bahati, maana risasi huenda zimekwisha au imebaki moja. Jamaa anaiacha bunduki, halafu roho inamuuma, anataka kujua. Harry anafyatua: tupu.

Mtafsiri wetu kibandani alikuwa anahesabu risasi kwa sauti, na kila mkanda ukirudishwa hesabu inatoka tofauti. Tuligombana kwa ajili ya hilo mpaka tukafukuzwa.

wakili_wa_Ngara
Ni tamu, sikatai. Lakini kwa mgeni wa aina hiyo, jua kwanza picha hii inagombana na nani.

Muuaji Scorpio anamteka binti wa miaka 14, anadai dola 200,000. Harry ndiye anayepeleka pesa, anakimbizwa kutoka simu moja ya mtaani hadi nyingine mpaka chini ya msalaba mkubwa wa Mount Davidson, San Francisco. Hapo Scorpio, amejifunika uso, anampa kipigo, na Harry anachomoa kisu alichokifunga mguuni kwa plasta, anamdunga pajani. Daktari aliyemtibu ndiye anayewapa polisi fununu kwamba jamaa anaishi kwenye uwanja wa Kezar. Harry anaingia kwa teke bila hati ya upekuzi, anamtungua mguuni katikati ya uwanja, kisha anakanyaga lile jeraha ili aseme binti yuko wapi. Kamera inapanda, inarudi nyuma hadi ukungu unaumeza uwanja wote. Binti anakutwa amekwisha kufa.

Asubuhi mwendesha mashtaka anamwambia Harry kwamba bunduki iliyokutwa kwa Scorpio si kielelezo, maungamo si ushahidi, na mtu anaachiwa. Anazitaja Escobedo ya 1964 na Miranda ya 1966, kesi za kweli za Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu haki za mtuhumiwa. Hapo mtazamaji anatakiwa apandwe na hasira, na anapandwa. Ndiyo maana mhakiki Pauline Kael aliiona picha hii ni ya kifashisti.

Mimi shida yangu ni nyingine. Yule mwendesha mashtaka ni mvivu! Tupa bunduki, tupa maungamo. Bado una Harry aliyepigwa chini ya msalaba, una mwenzake Chico aliyepigwa risasi usiku uleule, una daktari na kidonda cha kisu pajani. Shtaka la kushambulia polisi lingefunguliwa kabla ya chai ya saa nne. Waandishi wanalipita hilo kimyakimya ili sheria ionekane zuzu. Hata kwetu Kenya, ibara ya 50(4) ya Katiba inaukataa ushahidi uliopatikana kwa kukanyaga haki za mtu iwapo kuupokea kutaharibu kesi. Unaokataliwa ni ushahidi huo. Haijasema mshtakiwa apewe nauli aende kwao.

KandaMbili
Wakili, wewe ndiye ungetufukuzisha kibandani mapema zaidi.

BintiKisauni
Jumamosi usiku mwamleta mzee wa watu mahakamani! Wekeni Bullitt.

Steve McQueen pale hapigi kelele hata mara moja. Shahidi aliyeletwa na mwanasiasa Chalmers anafia hospitalini, naye McQueen anauficha mwili na kuendelea na upelelezi kana kwamba mgonjwa yu hai. Huyo ndiye mvunja kanuni mwenye adabu zake. Na ile fukuzana ya magari, kama dakika 10 hivi: muziki unakata, mwasikia injini tu, Mustang na Charger vyaruka vilima vya San Francisco. Mkiwa na macho mtaona Volkswagen moja ya kijani yapitwa, yapitwa tena, kama imelogwa. Mustang yenyewe iliuzwa mnadani Januari 2020 kwa dola milioni 3.4, nayo ina kutu.

Hadithi nakiri yachanganya. Nimeitazama mara nne na bado yule Ross na yule Renick sijawapanga vizuri.

LoriLaSohar
Nawasalimu kutoka Oman. Nyote mmeiruka iliyo bora.

The French Connection ndiyo pekee kati ya hizo tatu ambayo polisi wanachoka. Popeye Doyle wa Gene Hackman amesimama nje, New York, baridi inakata masikio. Mkononi kipande cha piza na kahawa ambayo hata yeye anaimwaga. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo, Mfaransa Charnier, mwenye shehena ya heroini, analetewa sahani moja baada ya nyingine. Hakuna anayesema neno. Mimi nimelala mpakani kwenye kichwa cha lori nikisubiri karatasi, ile baridi ya Doyle naijua.

BintiKisauni, magari pia yapo. Muuaji yuko kwenye treni ya juu, Doyle anamnyang'anya raia gari lake na kuifukuza treni kutokea chini, Brooklyn. Vipande vya fukuzana hiyo vilipigwa bila kibali, kwa hiyo waliovunja kanuni ni hata waliotengeneza. Halafu kuna huyu Bill Hickman. Anayeendesha Charger kwenye Bullitt ni yeye, na humu tena kaendesha, na ndiye Mulderig, yule askari wa serikali kuu asiyepatana na Doyle. Mtayarishaji naye ni mmoja, Philip D'Antoni.

Ilibeba Oscar 5, ikiwemo ya picha bora. Lakini mkuu, Doyle ni mbaguzi na mdomo wake mchafu. Wakwe wakiwepo sebuleni, kaa na rimoti.

wakili_wa_Ngara
Nakubaliana na dereva. Harry akivunja kanuni, mwandishi anahakikisha amemshika mtu sahihi. Doyle hana mwandishi wa kumlinda hivyo.

KandaMbili
Rudini kwa Joram Kiango basi, yule mpelelezi wa kujitegemea wa riwaya za Ben Mtobwa, hana bosi wa kumvunjia kanuni 😂

Mbuyuni_Mmoja
Wakuu, mrejesho, samahani nimechelewa.

Niliweka ya Mfaransa. Umeme ulikaa. Pale kwenye piza mzee aliacha kula karanga, akasema "ehee", basi. Walipolivua lile gari la Lincoln kipande kwa kipande wakakosa kitu, alisogeza kiti. Matusi niliyapunguza sauti, mama wa watoto akawa anacheka jikoni.

Kisha ule mwisho. Doyle kwenye jengo bovu anafyatua akidhani ni Charnier, kumbe ni Mulderig. Anajaza risasi tena, anaingia gizani, mlio mmoja, imekwisha. Mzee akaniuliza, "Na huyo marehemu, maelezo yake kaandika nani?" Sikuwa na jibu. Yakaja maandishi ya mwisho, nikamsomea: Charnier hakukamatwa, Doyle na mwenzake waliondolewa kitengo cha dawa za kulevya na kuhamishiwa kwingine.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wamehamishwa! Sasa hapo nimeamini ni polisi kweli."

Kesho anataka ya Harry.